Dagaa Tunakausha, Maembe Tunayaachia Nzi

Kuanzia Novemba hadi Februari, anayepita Mkuranga, Muheza au pembezoni mwa mji wa Tabora hahitaji kuambiwa kuwa msimu wa maembe umefika. Yamepangwa mafungu kando ya barabara, yamejaa kwenye ndoo na viroba, na chini ya miti yamelala yaliyoanguka usiku, mengine yamepasuka, mengine yameanza kunuka, nzi wamejaa juu yake. Bei hushuka mpaka muuzaji akaona heri akuongezee matatu ya bure kuliko kuyabeba kurudi nayo nyumbani. Ikifika Juni, embe limeadimika sokoni, na familia yenye miti miwili uani inanunua juisi ya boksi dukani. Tumezoea kulieleza jambo hili kuwa tatizo la viwanda: havitoshi, na vilivyopo viko mbali. Mimi naona kinachokosekana kwanza ni mazoea ya jikoni. Tunda tumelitoa katika hesabu ya chakula cha akiba, tukaliacha liwe kitu cha kutafuna njiani, na ndiyo maana linaoza mbele ya macho yetu bila mtu yeyote kuona haya.

Kwa vyakula vingine haya tunaziona. Usukumani na Unyamwezini viazi vitamu vikizidi havitupwi: vinakatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au vinachemshwa kwanza ndipo vianikwe vikawa matobolwa. Muhogo unageuzwa makopa. Dagaa wa Ziwa Victoria na wa Tanganyika wanaanikwa kwa magunia, na pwani samaki anapasuliwa, anatiwa chumvi na kupigwa jua mpaka awe ng'onda wa kusafiri naye bara. Majani ya kunde nayo yanakaushwa yakangoja kiangazi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomsubiri mwekezaji, wala semina. Anayeacha viazi vyake vioze shambani husemwa kijiji kizima, lakini anayeacha gunia la maembe lioze chini ya mti hakuna anayemnyooshea kidole, maana majirani nao wanafanya vivyo hivyo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ujuzi wa kuhifadhi embe ni mgeni kwetu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli na vitoweo vya kila namna, na pembeni akawekewa malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba tunda hilo likiiva ni tamu, ila likiwa bichi ni chachu kama limau, na watu wa mji huo hulihifadhi kwenye siki. Yapata miaka 700 baadaye bakuli la achari ya embe halijaondoka kwenye sinia la pilau la pwani, na mitaani Mombasa bado vinauzwa vipande vikavu vya embe vilivyopakwa pilipili na sukari, vyekundu mpaka vidole vinabaki na rangi. Ufundi upo, basi. Tumeuacha ukasinyaa: achari ikabaki ya shughuli, vipande vikavu vikabaki vya watoto wa shule, na zile tani na tani za maembe yaliyoiva hazina pa kwenda.

Sababu mojawapo naiona katika mwembe wenyewe. Mahindi yanalimwa, yanapaliliwa, yanalindwa dhidi ya nyani, kwa hiyo kila gunzi lina jasho la mtu. Mwembe ulipandwa na babu, hauombi mbolea wala palizi, na mwaka wa neema unazaa hadi matawi yanaelemewa. Kitu kisichogharimu jasho hudharauliwa kwa urahisi. Sababu ya pili ni ahadi. Mwaka 2014, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi kwamba ifikapo 2025 hasara ya mazao baada ya mavuno itakuwa imepungua kwa nusu. Muda huo umekwisha na maembe bado yanaoza. Mazungumzo yote yaliyofuata ahadi ile, tangu kwenye makongamano hadi kwenye kampeni za ubunge, yamekuwa juu ya viwanda na vyumba vya baridi. Sina ugomvi na kiwanda. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilijenga cha kwake Kalamba kusindika maembe ya wakulima wake, na huo ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini kiwanda kinataka tani nyingi za aina moja, zilizokomaa kwa kiwango kimoja, zifike kwa lori siku moja. Miti miwili ya dodo na mmoja wa sindano nyuma ya nyumba Kisarawe haijazi lori la mtu. Embe lililokomaa nalo halina subira, kwani likishachumwa huiva ndani ya wiki moja hivi, na siku chache baadaye halifai. Kwa maembe ya namna hiyo, ambayo ndiyo yaliyo majumbani mwetu, mahali pekee palipo karibu vya kutosha ni jiko la mwenye mti.

Anayetaka kuhifadhi na aanze kwa kula, na ale vizuri. Msimu ni sherehe, na hakuna jamu wala achari itakayolishinda bolibo lililoivia kivulini, lenye harufu inayotangulia kisu, au ngowe jembamba lenye nyama ya manjano isiyo na nyuzi. Kuna utundu kidogo katika kulifaidi. Embe la kuchuma huonekana kwa mabega yake: yakiwa yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, limekomaa, hata kama ganda bado ni kijani. Lichumwe na kipande cha kikonyo, kwa sababu utomvu unaotoka pale unaunguza ganda na kuwasha midomo. Embe na korosho ni za ukoo mmoja, na wakulima wa korosho wa Mtwara hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya utomvu unaounguza. Stroberi ya Limuru ikishachumwa haiivi tena, ndivyo itakavyobaki mpaka ioze, lakini embe lililokomaa huendelea kuiva ndani ya kapu na kumpa mwenyewe nafasi ya kupanga. Bichi lisiwekwe kwenye friji, maana baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi huliharibu. Ganda hubadilika rangi na nyama haiivi sawasawa. Kuchuma mapema kuna faida nyingine: nzi wa matunda, yule mwenye asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka sehemu kubwa ya Afrika, hupenda zaidi kutaga kwenye embe linaloiva mtini. Anayesubiri mpaka lianguke lenyewe anamtengea nzi huyo sahani.

Yanayozidi ndiyo ya kuhifadhiwa, na kazi ya kwanza ni kuchambua. Mabichi yaliyoangushwa na upepo huwekwa upande mmoja, yaliyoiva na kukaza upande wa pili, yaliyoiva mno ila hayajaoza upande wa tatu. Lenye ukungu, funza au harufu ya pombe linakwenda shimoni, na hapa pasiwe na huruma: kuhifadhi hakufufui embe bovu.

Yaliyokaza hukaushwa, na njia hii ndiyo ningeitilia mkazo kuliko zote, kwa kuwa haitaki sukari, umeme wala mkaa. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji. Ukiondoa ganda na kokwa, ukayatoa maji hayo, kilo 10 za maembe mazima hubaki kama kilo moja ya vipande vikavu vinavyoenea kwenye chupa chache za kioo. Vipande vikatwe vyembamba, nusu sentimeta au zaidi kidogo, vichovywe kwenye maji ya ndimu ili visigeuke rangi, kisha vipangwe visigusane juu ya kichanja chenye wavu safi, na juu yake pafunikwe chandarua. Mkeka juu ya udongo hautoshi, kwa sababu hewa haipiti chini na vumbi linapita juu. Jua kali la moja kwa moja hukausha, lakini hula vitamini C na sehemu ya ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini ambayo watoto wengi Afrika wanaikosa. Kwa hiyo afadhali kichanja kiwe na kitambaa cheusi juu yake, au kisanduku cha kukaushia kwa jua chenye paa la nailoni na matundu ya hewa, ambacho fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Kipande kiko tayari kikikunjika bila kutoa maji na bila kunata. Hata hapo usikimbilie kufunga. Vijaze kwenye chupa ya kioo robo tatu, ifunike, itikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona ndani ya kioo pameota umande, vipande bado vina unyevu kuliko ulivyodhani. Vitoe vianikwe tena. Zoezi hili dogo ndilo linalotenganisha akiba ya miezi sita na ukungu wa wiki mbili.

Atakuja mtu aseme, na atakuwa na haki, kwamba msimu wa maembe huangukia mvua. Pwani kuna vuli na hewa nzito ya bahari. Tabora na Dodoma mvua za mwaka huanza miezi hiyohiyo. Hii ni hoja nzito kuliko zote zinazohusu kukausha, na anayeipuuza atapoteza maembe yake mara mbili. Jibu lake ni kutolazimisha njia moja kila mahali. Makueni na sehemu nyingine za Ukambani, ambako Januari na Februari jua huwaka, kichanja kinafaa. Kwenye unyevu, kisanduku chenye paa kinasaidia, na siku ikinuna vipande viingizwe ndani juu ya jiko linalopoa. Pasipo na hata siku mbili za jua mfululizo, achana na kukausha, nenda kwenye chumvi na siki. Nadhani si bahati kwamba watu wa pwani walikuza achari kuliko embe kavu; walikuwa wanaijua hewa yao.

Achari inaokoa maembe ambayo wengi hawayahesabu kabisa, yaani mabichi yanayoangushwa na upepo wiki kadhaa kabla ya msimu. Kilo moja ya vipande, pamoja na ganda lake, inataka chumvi gramu 150 hivi. Vichanganywe kwenye beseni, vikae usiku kucha, asubuhi maji yake yamwagwe au yawekwe akiba, na vipande vipate jua kidogo mpaka vinywee. Halafu ndipo pilipili, manjano, uwatu na haradali huingia, pamoja na siki au mafuta yaliyochemshwa yakapoa, na kila nyumba ina mkono wake hapo. Kinachofanya achari isiharibike ni chumvi na uchachu kwa pamoja. Vijidudu vingi vinavyoozesha chakula, pamoja na kile hatari kinachotengeneza sumu ndani ya chupa isiyo na hewa, havistawi kwenye uchachu mkali, na kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni pH ya chini ya 4.6. Embe bichi liko chini ya hapo kwa mbali. Lililoiva sana linaweza kukaribia mpaka huo au hata kuuvuka, na ndiyo maana kila anayetia embe bivu kwenye chupa anaambiwa aongeze ndimu. Wengi hudhani ndimu hiyo ni ya ladha tu, wakaipunguza. Wasiipunguze. Na kwa wapishi wa mchuzi wa samaki, embe bichi lililokaushwa hadi likavunjika na kusagwa unga hutia uchachu mzuri miezi ambayo hakuna embe bichi wala ukwaju.

Jamu ndiyo inayotajwa kwanza kila yanapozungumzwa mambo haya, nami naiweka ya tatu kwa makusudi. Sukari ni ghali, na Watanzania hawajasahau ilivyoadimika mwanzoni mwa 2024. Jamu ya kweli inakaa kwa sababu sukari imeshika maji yote; ukiipunguza kwa nusu, umetengeneza kitu kitamu cha kuliwa wiki hii, na kikae kwenye friji. Mwenye uwezo wa kilo moja ya sukari kwa kilo moja ya rojo, au pungufu kidogo, ana faida moja ambayo haijulikani sana. Embe bivu peke yake hushika kwa shida. Ukichanganya theluthi moja ya mabichi, yaliyo na utando mwingi zaidi wa kugandisha, jamu itashika bila unga wowote wa dukani, na uchachu utakuwa umekuja wenyewe. Kujua kama imeiva, dondosha tone kwenye kisahani kilichokuwa kwenye baridi, lisubiri lipoe, kisha lisukume kwa kidole: likikunjamana juu kama ngozi ya maziwa, epua. Chupa na vifuniko vichemshwe dakika 10, na wakazi wa sehemu za mwinuko kama Njombe au Limuru waongeze muda, maana huko maji huchemka kabla hayajafikia nyuzi 100. Jamu ikiota ukungu, itupwe yote. Kuparua juu na kula ya chini ni kujidanganya. Wenye friza wana kazi nyepesi kuliko hao wote: rojo la embe lililoiva mno hufungwa kwenye mifuko midogo, likagandishwa, likawa juisi ya Julai. Ila friza inategemea umeme usiokatika, na akiba inayoyeyuka siku ya mgao si akiba ya kutegemewa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la kazi. Nani atamenya kilo 30 za maembe mwezi Desemba, mwezi wa wageni, sikukuu na maandalizi ya ada za Januari? Kwa desturi zetu jibu linajulikana kabla ya swali kuisha, ni mama na mabinti zake. Kumwongezea mtu aliyeamka kabla ya jogoo kazi nyingine kwa jina la kupunguza hasara ya taifa si haki, na makala yoyote ya kusifu vyakula vya akiba bila kulisema hili inaficha nusu ya gharama. Sina jibu la kumaliza jambo hilo, ila nina mawili ya kulipunguza. Kwanza, kumenya, kukata na kupanga vipande juu ya wavu ni kazi isiyotaka ustadi wala jinsia. Vijana wa kiume walio likizo wanaiweza, na baba pia anaiweza akiwa anasikiliza mpira. Pili, kiasi. Hakuna anayesema familia iokoe mti mzima. Kilo 10 kwa siku moja, mara mbili katika msimu, ni chupa kadhaa za embe kavu kwa ajili ya uji na chai ya miezi ya ukame.

Wapo watakaosema faida ni ndogo mno kujadiliwa gazetini, kwamba chupa mbili za achari haziwezi kubadili uchumi wa nchi. Kwa nyumba moja ni kweli. Lakini michembe nayo ni ya nyumba moja moja, na bado imewavusha watu wengi misimu ya njaa. Wengine watataja kisukari, na wasikilizwe: embe kavu ni sukari ya embe iliyokusanywa mahali padogo, na jamu ndiyo zaidi. Mwenye ugonjwa huo afuate ushauri wa daktari wake, na achari ya mabichi haina kishindo hicho, ingawa mwenye shinikizo la damu aangalie chumvi. Kwa wengine, kiganja kimoja cha vipande vikavu bado ni afadhali kuliko soda na biskuti tunazowanunulia watoto kila siku bila mtu kuandika makala ya kuzipinga.

Kinachohitajika kutoka serikalini ni kidogo na hakigharimu bajeti ya kiwanda. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) linafundisha usindikaji wa vyakula, lakini mafunzo mengi humlenga anayetaka kufungua biashara, mwenye nembo na kifungashio. Mwenye mwembe uani haendi huko; anamfahamu ofisa ugani wa kata na mwalimu wa shule ya jirani. Wilaya zenye maembe mengi ziwape maofisa hao wavu, visu na siku mbili za mafunzo, kisha kila shule yenye mwembe ikaushe maembe yake yenyewe mbele ya wanafunzi. Na mafunzo hayo yafanyike Septemba na Oktoba, wakati maembe bado machanga mtini. Yakipangwa Januari, tutakuwa tunafundishana juu ya maembe yaliyokwisha kuoza.